Yungiyungi katika Kisiwa cha Karafuu

Karafuu ya Pemba hupita mikono mingi kabla ya kufika melini. Kwa karibu karne nzima kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa mfanyabiashara wa Kigujarati, na mfanyabiashara huyo alikuwa na usiku wake mmoja kila mwaka wa kufunga hesabu. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, wakati ambapo karafuu za msimu mara nyingi bado zimeanikwa majamvini. Usiku huo daftari la zamani lilifungwa. Jipya likawekwa mbele ya picha ya mwanamke aliyesimama juu ya ua la yungiyungi, likapakwa unga mwekundu, taa za samli zikawashwa, maneno ya baraka yakasomwa, na ndipo kalamu ikagusa ukurasa wa kwanza. Hivyo ndivyo Wahindu wa Kutch na Kathiawar walivyofanya popote walipotundika mizani, iwe Mandvi, Maskati, Mombasa au Wete.

Mwanamke wa pichani ni Lakshmi, mungu mke wa mali na bahati njema, mke wa Vishnu. Sarafu humwagika kutoka kiganjani mwake, na pembeni tembo wawili humwogesha maji kwa mikonga yao. Wahindu husema haingii nyumba chafu wala yenye giza, ndiyo maana nyumba hufagiliwa na kuwashwa taa usiku wa sikukuu yake. Husema pia kwamba ni kigeugeu, hakai kwa mtu asiyejua kumtunza. Hilo la mwisho mkulima yeyote wa karafuu atalikubali bila kufundishwa, maana anajua msimu wa neema na msimu wa mikarafuu kususa.

Kisiwa chenyewe ni cha Waislamu tangu zamani sana, na Wahindu hawakuwahi kuwa wengi hapa. Hata miongoni mwa watu waliotoka Bara Hindi, wengi waliohamia visiwani walikuwa Waislamu: Makhoja wa Ismailia na wa Ithnaashari, Mabohora, Mamemoni. Wahindu, wale ambao pwani nzima iliwaita Mabaniani, walikuwa Mabhatia, Walohana na Mavania, na katika sehemu kubwa ya karne ya 19 walikuja wanaume peke yao. Mabhatia hawakuvusha wake zao bahari. Walipika wenyewe, hawakugusa nyama, waliteka maji yao wenyewe, na baada ya miaka kadhaa walirudi Kutch kuoa au kuzika. Mmoja wao, Jairam Shivji, alikodishwa forodha yote ya Sultani wa Zanzibar, na wakala wake Ladha Damji akawa mtu mwenye nguvu kubwa mjini. Mungu mke aliyevuka bahari na watu wa aina hiyo alikaa sandukuni, akatolewa chumba cha nyuma, akarudishwa. Jirani wa Kipemba alimsikia zaidi kuliko alivyomwona.

Hata hivyo nyayo zake zipo, na si Hurumzi tu katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye hekalu la Shakti ambalo watalii hulipiga picha. Zipo katika milango, katika filamu, katika shanga zinazofukuliwa ardhini, na katika ngoma moja iliyoko ng'ambo ambayo Mpemba akiisikia atageuza shingo. Nikizifuata, naona jambo moja linajirudia: watu wa pwani walikipokea kiti chake mara nyingi, ila walichagua wenyewe nani akikalie.

Tuanze na daftari, kwa sababu ndilo lililoumiza. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ambayo ilinusurika kwa kiasi kikubwa ikawa shamba kuu la karafuu duniani. Mashamba yalihitaji fedha za palizi, za wachumaji, za harusi na za mazishi, na fedha zilikuwa kwa wenye maduka. Mkulima alichukua mkopo akaahidi karafuu ambazo bado hazijatoa hata kikonyo, au akaweka rehani shamba lenyewe. Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, deni lilibaki pale pale. Mwaka 1934 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine kiholela, na mwaka 1937 ikaupa Umoja wa Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya ununuzi na usafirishaji. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waislamu kwa Wahindu, wakagoma. Chama cha Congress kule India kikaitikia kwa kuwataka watu wake waache kununua karafuu za Zanzibar, na India ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa kabisa. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano mwaka 1938. Katika mabishano yale kila upande ulikuwa na hoja. Wenye maduka walisema bila mikopo yao hakuna karafuu ambayo ingechumwa, na ni kweli. Wakulima walisema daftari liliandikwa kwa hati wasiyoweza kuisoma, na hilo nalo ni kweli.

Basi fikiria mtoto au mjukuu wa mkulima wa aina hiyo anaingia sinema, mwisho wa miaka ya 1950, kutazama Mother India. Filamu hiyo ya Mehboob Khan ilitoka mwaka 1957 na ikazunguka Afrika yote, kutoka Kano hadi pwani yetu, ikioneshwa tena na tena kwa miaka. Radha, anayechezwa na Nargis, ni mwanamke wa kijijini ambaye mama mkwe wake alikopa kwa Sukhilala ili kulipia harusi. Mkopeshaji ana daftari, mdaiwa hajui kusoma. Robo tatu ya mavuno inakwenda kwenye riba. Mafuriko yanakuja, watoto wanakufa njaa, na Radha, mwili wote umejaa matope, anakwenda nyumbani kwa Sukhilala ambaye anataka alipwe kwa heshima ya Radha. Ndani ya nyumba ile yupo Lakshmi, sanamu lake limewekwa mahali pa heshima. Radha analigeukia sanamu na kulisuta: wewe unaweza kuubeba ulimwengu, lakini uzito wa kuwa mama hutauweza. Kisha anaondoka na heshima yake.

Mtazamaji wa Zanzibar hakuhitaji kutafsiriwa. Alijua daftari ni nini, na alijua nani hulala akiwa na ufunguo wake. Jambo ambalo huenda hakulijua ni kwamba filamu hiyo, ambayo Wahindu wengi wanaihesabu kama mfano wa mama aliye sawa na mungu mke, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na mikono ya Waislamu: mwongozaji Mehboob Khan, nyota Nargis, mtunzi wa muziki Naushad, mshairi Shakeel Badayuni. Nani basi alikuwa na haki ya kumwambia Mpemba kwamba hadithi ile haikumhusu? Katika onyesho lile mama wa kibinadamu anasimama mbele ya mungu wa mali na kushinda. Sinema haikulazimika kumhubiria mtu dini. Ilikuwa hadithi ya deni, na deni halina kabila.

Muziki ulifuata njia hiyo hiyo kwa wepesi zaidi. Siti binti Saad alikuwa tayari amekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wa kwanza wa pwani hii kufanya hivyo kwa Kiswahili na kupata jina kubwa. Baada yake, waimbaji wa taarabu, hasa wa Mombasa, walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazivisha mashairi yao wenyewe. Juma Bhalo ndiye aliyekuwa bingwa wa mtindo huo. Tuni iliyotoka kwenye wimbo wa kumsifu mungu au kumlilia mpenzi, kwa pwani ikawa ya kumsuta jirani, kumkanya mwenye kiburi, au kumlilia mpenzi vile vile. Sauti ilibaki, maneno yakaja mapya. Kwa bahati mbaya watu wengi huandika juu ya jambo hili kama wizi au kama kuiga. Mimi naliona ni kazi ngumu: jaribu kuketisha vina vya Kiswahili na mizani yake juu ya tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine, uone.

Mlango ndio uliobeba alama kwa muda mrefu zaidi. Milango ya Zanzibar ya karne ya 19 ilichongwa na mafundi wa hapa na mafundi kutoka Gujarat na Kutch, na walifanya kazi pamoja kiasi kwamba leo kutenganisha mikono yao ni kazi bure. Kuna mlango uitwao wa Kigujarati, wenye mbao zilizogawanywa katika miraba na misumari ya shaba. Kuna wa Kiarabu wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na kuchongwa sana. Na kuna ule wa baadaye wenye nusu duara juu. Katika yote hujirudia ua moja lililopangwa petali zake kama jua: yungiyungi. Waongoza watalii wamelitungia maelezo yaliyonyooka mno. Ua ni uzazi, samaki ni uzazi pia, mnyororo ni usalama au ni utumwa kutegemea siku, na misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Tembo wa Shangani sijui walipita na jahazi gani.

Lililo la hakika ni hili. Katika mahekalu ya Bara Hindi, na katika nyumba nyingi za Gujarat, sehemu ya katikati ya kizingiti cha juu ni mahali pa heshima. Hapo huchongwa Ganesha mwenye kichwa cha tembo, au Lakshmi mwenyewe kati ya tembo wawili wanaomwogesha, ili anayeingia apite chini ya baraka. Fundi aliyekuja kuchonga nyumba ya Mwarabu au ya Mswahili alikuta kizingiti kile kile, na tajiri hataki sanamu. Kwa hiyo pale katikati pakaandikwa aya ya Qurani, au jina la Mwenyezi Mungu, au mwaka wa Hijria ambao nyumba ilimalizwa. Maua yaliyomzunguka mungu mke yakaizunguka aya. Ukitazama kwa makini mlango mzuri wa zamani, utaona kazi yote ya pambo inaelekeza macho hapo katikati, kama ilivyofanya ng'ambo. Mwenye nyumba ndiye aliyeamua jicho likifika likute nini.

Pemba yenyewe ilikuwa na sehemu zake za heshima kabla mlango wa aina hiyo haujafika. Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo wenyeji wanaihusisha na Mkama Ndume, mtawala aliyekamua watu kama jina lake linavyosema, na ambaye hadithi inadai aliwafanya raia wabebe mawe ya ukuta huku wakijikokota kwa makalio. Kuna kisima ambacho kinaelezwa kuwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane, mmoja akiteka kwa ndoo na kamba na mwenzake akishuka ngazi. Na kuna chumba cha chini ya ardhi ambacho mwanaakiolojia Adria LaViolette alikichunguza, chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa plasta ukutani. Siwa ni baragumu lililo alama ya utawala wa Waswahili, na kuiweka chini ya ardhi, mahali ambapo msafara haupiti wala hadhara haioni, kuna maana nyingine. Watafiti wamekiona chumba hicho kama mahali pa kuwasiliana na mizimu, na Pujini imeendelea hadi zama zetu kuhesabiwa kuwa na wenyewe. Nakitaja kwa sababu wapo wanaopenda kudhani kwamba kila kitu cha ajabu katika pwani hii kililetwa na jahazi. Kisiwa kilichokuwa na chumba kama kile hakikuhitaji kuazima mahali pa siri kwa mtu.

Ukirudi nyuma hadi mwaka ule Wareno walipofika, mambo yanachekesha kidogo. Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi baada ya kukimbia Mombasa. Bandarini alikuta merikebu nne za watu wa India. Mwandishi wa safari yake anasimulia kwamba wageni hao walipanda kwenye meli ya kaka yake, Paulo da Gama, wakaoneshwa picha ya Bikira Maria akiwa na Yesu, na walipoiona tu wakaanguka kifudifudi. Siku zote ambazo meli zilikaa pale walikuja kusali mbele ya picha hiyo, wakileta sadaka za karafuu, pilipili na vitu vingine. Wareno wakafurahi: tumekutana na Wakristo wa India! Lakini mwandishi huyo huyo anaandika kwamba watu hao walimwambia hawali nyama ya ng'ombe. Wanahistoria wengi leo wanaona walikuwa Wahindu, na picha ya mama aliyemshika mwanawe ilikuwa kwao ya mungu mke wanayemjua, au wa kutosha kufanana naye.

Mwezi mmoja baadaye kosa lilirudi upande wa pili. Wareno walipofika Calicut, walipelekwa kwenye hekalu wakiamini ni kanisa. Ndani ya chumba cha giza wakaoneshwa sanamu dogo, wakaambiwa, au wakasikia walivyotaka kusikia, kwamba ni Mama Yetu Maria. Da Gama na wenzake wakapiga magoti. Waliona ukutani watakatifu wenye meno yaliyotokeza nje na mikono minne au mitano, na bado wakasali. Mwandishi wa Kireno Castanheda anasimulia kwamba João de Sá, aliyekuwa kando ya da Gama, hakuwa na uhakika, akanong'ona kuwa kama hili ni shetani basi yeye anamwabudu Mungu wa kweli. Da Gama akatabasamu. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Wahindu walimsujudia Maria Malindi, na Wareno wakampigia magoti mungu mke Calicut, na tukio la kwanza lilitokea bandarini kwa Waswahili wa Malindi, watu ambao dini yao haikuwa na nafasi kwa picha ile wala kwa sanamu lile. Laiti mmoja wao angeandika alichofikiri. Angalia pia sadaka: karafuu, wakati ambapo zao hilo lilitoka Maluku tu, miaka zaidi ya mia tatu kabla halijapandwa Pemba.

Zipo dalili za kale zaidi. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua simba mdogo wa shaba nyeusi wa takriban mwaka 1100, asiyezidi sentimita sita hivi kwa urefu. Mtindo wake ni wa Dekani, kusini mwa India, na huenda alisubiwa hapa hapa pwani na fundi aliyeujua mtindo huo. Simba ndiye anayepandwa na Durga, mungu mke shujaa aliyemuua Mahishasura, jini lenye umbo la nyati, na vita hivyo ndivyo vinavyoadhimishwa katika siku tisa za Navaratri. Simba mmoja hafanyi hekalu. Anaonesha tu kwamba mtu wa India, au fundi aliyefunzwa naye, alikaa katika mji wa Waswahili muda wa kutosha kusubu shaba. Na niseme hapa, kwa kuwa wapo watakaokimbilia kulinganisha: mchezo wa ng'ombe wa Pemba hauhusiani na Durga. Ng'ombe wa Pemba haumizwi. Anachokozwa, wanawake wanamwimbia, kisha anarudi kwake akiwa mzima. Watu wengi huuhusisha mchezo huo na Wareno, na hilo ni jambo la makala nyingine.

Shanga, zile za shingoni, ndizo zinazoiunganisha Pemba na Gujarat kwa njia isiyopingika. Tumbe, kaskazini mwa kisiwa, mji uliostawi kati ya karne ya 8 na ya 10, umetoa shanga za kioo, nyingi zikiwa za Bara Hindi. Katika miji ya kale ya pwani nzima hupatikana pia akiki nyekundu. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watawala wa Pemba, Mafia na Unguja waliishi kwa anasa, wakivaa hariri na pamba nzuri walizonunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, na wanawake wao wakijipamba kwa dhahabu, vipuli, mikufu na bangili. Cambay ni Khambhat ya leo, na Khambhat ndiko akiki ilikokatwa na kung'arishwa. Mawe yenyewe yalichimbwa kwenye vilima karibu na kijiji cha Ratanpur, katika wilaya ya Bharuch. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Juu ya kilima cha Ratanpur kuna dargah, yaani kaburi linalozuriwa, ya Bava Gor, walii Mwafrika. Wanaoitunza ni Masidi, watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika Mashariki na Uhabeshi, ambao mababu zao walivushwa kama watumwa au walikwenda kama mabaharia na askari kwa karne nyingi. Nyimbo zao bado zina maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawayaelewi tena, na ngoma yao ya ibada wanaiita goma. Bava Gor ndiye anayesifiwa kwa kuwafundisha watu kuchoma akiki motoni ili ipate wekundu wake. Mkufu wa malkia wa Kipemba na kaburi la walii huyu, kwa maana hiyo, ni mwanzo na mwisho wa barabara moja.

Simulizi ya Masidi ndiyo inayonivutia. Wanasema Bava Gor alipofika alikuta kilima kinatawaliwa na Makhan Devi. Wengine humwita jini la kike, wengine husema ni mungu mke. Jina lake, Devi, ndilo wanaloitwa miungu wote wa kike. Alikuwa na taa yake ya kichawi na wafuasi wake, na walii hakuweza kumkabili, kwa kuwa mwanamume, tena mtu wa dini, hapigani na mwanamke. Akaitwa dada yake, Mai Misra, avuke kutoka Afrika. Mai Misra akaja, akapambana na Makhan Devi, akamshinda na kumzamisha ardhini. Leo kaburi lake liko pamoja na la kaka zake wawili, Bava Gor na Bava Habash, na kila mmoja ana kazi yake. Wanawake wasiopata watoto huenda kwa Mai Misra. Wanampikia kichuri, wanaweka nadhiri, na Wahindu wanakwenda pamoja na Waislamu, maana mambo anayoombwa ni yale yale ambayo katika vijiji vya jirani huombwa kwa mungu mke. Kayamba la kifuu cha nazi wanalolitikisa wanawake katika goma linaitwa kwa jina lake, Mai Misra.

Mwanaanthropolojia Helene Basu, aliyefanya utafiti miaka mingi miongoni mwa Masidi, amelieleza jambo hili kwa urefu: mwanamke wa Kiafrika, Mwislamu, anakalia kiti cha mungu mke wa Kihindu. Mimi naongeza tu mtazamo wa huku kwetu. Kwenye kizingiti cha Mji Mkongwe aya ilikaa mahali pa Lakshmi; katika tuni za Juma Bhalo maneno ya Kiswahili yalikaa mahali pa maneno mengine. Yote hayo yalifanyika nyumbani kwetu, kwa masharti yetu. Mai Misra alifanya hivyo ugenini, kwa watu waliofika wengi wao bila hiari na bila mali, na bado dada wa Kiafrika ndiye aliyeshinda. Hiyo si hadithi ya mtumwa anayesubiri kuhurumiwa.

Na huku pwani, wageni wa baharini nao waliingizwa katika ibada, lakini kwa mlango mwingine. Katika ngoma za pepo za Zanzibar, kama alivyozieleza mwanaanthropolojia Kjersti Larsen, mashetani wana makabila: ruhani ni wa Kiarabu na ni Waislamu, habeshia ni wa Uhabeshi, kibuki ni wa Bukini, na rubamba ni wa Pemba. Kila kabila lina nguo yake, chakula chake, lugha yake na tabia zake. Wanaopanda kichwani ni kama watu, wana asili na vinywaji wavipendavyo. Miungu ya watu hao haipandi. Pwani iliwajua wageni wake kwa tabia na mapishi kabla ya kuwajua kwa itikadi, na ndivyo jirani anavyomjua jirani kila mahali. Mbaniani aliyefunga mlango usiku wa Diwali alijulikana kwa taa zake na peremende zake, na kwa deni. Lakshmi alibaki kwake.

Wahindu wengi waliondoka visiwani baada ya 1964, na Pemba leo biashara ya karafuu iko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mafuta ya makonyo hukamuliwa kiwandani Wawi. Navaratri bado huchezwa Unguja na kwa ukubwa zaidi Dar es Salaam, mitaa ya Kisutu na Upanga, wanawake wakizunguka kwa ngoma ya garba kuikabili taa au picha ya mungu mke Amba usiku tisa mfululizo, na vijana wakigonganisha fimbo za dandia. Garba ya Gujarat iliandikishwa na UNESCO katika urithi usioshikika Desemba 2023, kwenye kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Goma ya Masidi haijapata bahati ya mkutano kama huo, ingawa wachezaji wake wamezunguka dunia wakiwa na vilemba vya manyoya ya tausi na nazi zinazorushwa juu na kupasuliwa kwa kichwa.

Kwa Mpemba wa leo, India ni hospitali. Kila mwaka wagonjwa na jamaa zao wanapanda ndege kwenda Mumbai, Ahmedabad, Chennai, wanakaa wiki kadhaa, wanarudi na dawa na sari. Kutoka Ahmedabad hadi Bharuch ni safari ya saa chache kwa treni, na kutoka hapo gari hupanda hadi Ratanpur. Atakayefika atakuta dargah, si hekalu. Atavua viatu kama kawaida, na anaweza kumsomea Mai Misra Fatiha akiwa na amani. Kando yake huenda akasimama mwanamke wa Kihindu aliyekuja kuomba mtoto, na wenye kaburi, Waislamu weusi wanaozungumza Kigujarati, watawapokea wote wawili.